Ejo ya Baba Mabinti

Kama umefanya kazi mjini Kasulu miaka hii ya karibuni, na una simu ya kuonyesha picha, basi unamjua Obedi hata kama hujawahi kumpa mkono. Bwana mifugo. Mrefu, shati limenyooka, sauti ya redioni. Ofisini walimwita Baba Mabinti, na wanawake wakitaka kuwasema waume zao walimtaja yeye. "Mwangalie mwenzio Obedi! Kila akitoka kwa wanawe, picha mpya." Naam, picha zilikuwepo. Hizo hata mimi siwezi kumnyima.

Kulikuwa na ya Esteri, binti mkubwa, kapanda baiskeli nyekundu mbele ya ukuta wa matofali. Kulikuwa na ya Recho, mdogo, kavaa begi la shule lenye vipepeo. Kulikuwa na ya wote wawili na miwani ya jua, wamekumbatiana, meno yote nje. Chini ya kila picha Obedi aliandika maneno aliyoyaokota kwa mtangazaji mmoja wa redio: "Tunatengeneza kumbukumbu." Basi simu yake ilikuwa inalia siku nzima kwa hongera.

Sasa nikwambie ambalo picha haisemi. Baiskeli ilirudi. Begi lilirudi. Miwani ilirudi. Obedi alikuwa na rafiki yake, Cleophas, mwenye duka la nguo na mazagazaga pale Kasulu, na urafiki wao ulikuwa na utaratibu wake: Obedi anachukua kitu mwisho wa wiki, anakirudisha wiki ikianza, karatasi ya bei isikatwe, vumbi lisionekane. Kwa hisani hiyo ng'ombe wa Cleophas hawakuwahi kulipia sindano. "Mtoto anakua upesi," Obedi alikuwa akijitetea. "Baiskeli ya leo mwakani haimtoshi. Picha inabaki." Kha! Mtu anasema hivyo, na usiku analala usingizi.

Wasichana walishazoea. Recho alijifunza kutembea na viatu vipya juu ya mkeka tu, ameinua vidole, nyayo zisichafuke. Esteri alijua kuibana karatasi ya bei kwapani mpaka baba aseme tayari. Wali wa kuku ulikuwa unapakuliwa, unapigwa picha, wao wamesimama pembeni, na walipoambiwa wale, mafuta yalikuwa yameshaganda.

Obedi si mtu wa huku. Alitoka Njombe na barua ya ajira na sweta mbili, akapangiwa Kibondo. Huko ndiko alikomkuta Pelagia akipima maharage sokoni pamoja na mama yake, Bibi Mpawenimana. Wazazi wa Pelagia walivuka kutoka Burundi zamani wangali vijana. Uraia walipata, shamba walipata, na Pelagia mwenyewe kwao ni Kibondo, hajui kwingine. Wakaoana. Akazaliwa Esteri, akafuata Recho. Recho bado ananyonya, Obedi akahamishiwa Kasulu. "Kaeni kwanza kwa mama," akamwambia mkewe, "mimi nitafute nyumba ya kututosha." Recho akaachishwa ziwa, akaota meno, ya mbele yakang'oka, na nyumba bado inatafutwa. Siku hizi Kasulu mpaka Kibondo ni lami. Ukitoka asubuhi, chai ya saa nne unainywa Kibondo. Nasema hivi ili asije mtu akaisingizia barabara.

Wakati wa uchumba Pelagia alimfundisha Kirundi cha nyumbani kwao, na karibu chote Obedi alikisahau. Neno moja tu lilimganda mdomoni: ejo. Ejo ni kesho. Tena ejo ni jana. Neno ni hilohilo. Wenyewe hulitofautisha kwa kitenzi kinachokaa nalo, kama umesema tutakwenda au tulikwenda. Siku alipoambiwa hivyo Obedi alicheka mpaka akashika mbavu.

"Watu gani ninyi, hamjui jana na kesho?"

"Tunajua sana," Pelagia alimjibu. "Wewe sikiliza mpaka mwisho, usirukie neno."

Obedi akachukua nusu iliyomfaa. Kesho ndiyo aliyoipenda. "Baba, nyumba tunahamia lini?" "Ejo, mama'ngu." "Baba, mbona baiskeli inaondoka?" "Ejo nakuletea ya kwako." Aliona kuwapiga kalenda kwa lugha ya bibi yao kunaleta utamu. Mwanzoni walikuwa wanapiga makofi. Halafu Esteri akaanza kuuliza, "Ejo ipi?" Obedi alicheka, akaenda kulisimulia ofisini kama mfano wa akili za binti yake.

Na kweli Esteri alikuwa na akili, ila alikuwa na moyo pia, na moyo ndio uliomponza. Alipofika miaka tisa alianza mafundisho ya komunio ya kwanza. Katika kigango chao mtoto huingia kanisani na mshumaa usiowashwa. Katekista anaita jina, mzazi mmoja anatoka kwenye benchi, anauwasha, anamwekea mtoto mkono begani, wanakwenda pamoja mpaka mbele. Hivyo tu. Esteri akasema anamtaka baba. "Mama tuko naye kila siku," alisema. "Nataka baba ndiye aniwashie."

Alimwambia mwenyewe sikukuu ya Pasaka, uso kwa uso, wala hakuomba baiskeli wala viatu. Obedi akampiga busu la utosi. "Hiyo siikosi, hata inyeshe mvua ya mawe. Hiyo ndiyo kumbukumbu yenyewe!"

Pelagia akamwita nyuma ya nyumba, penye tanuri la zamani la matofali.

"Baba Esteri, mengine yote nimeyameza. Hili usimfanyie mtoto. Usipokuja siku hiyo, hiyo simu yako usiilete tena hapa. Utakuwa huna mtoto wa kupiga naye picha."

"Mama Esteri nawe! Mbona unanitisha? Mimi ni baba yake."

"Basi uje."

Kigango hakina padri wa kukaa. Padri huzunguka, na siku yake hujulikana akishafika jirani. Kilichofahamika mapema ni kwamba itakuwa wiki ya kwanza ya likizo ya mwezi wa sita. Pelagia alimwambia mumewe hiyo wiki, basi, akanyamaza. "Siku aulize mwenyewe," alimwambia mama yake. "Mimi si kengele ya kumwamsha baba wa watu."

Wiki yenyewe ikafika, na Obedi alikuwa na mambo. Mkuu wake wa kazi alikuwa anamuaga binti yake anayeolewa, sherehe ya nguvu, na katika kamati Obedi alipewa picha na video. Nani mwingine? Wamwache Baba Mabinti? Vikao vilikuwa kila jioni kwenye ukumbi mmoja wenye viti vya plastiki na soda za moto. Jumanne, wakiwa katikati ya kubishania rangi ya vitambaa, simu ikaita. Ilikuwa namba ya Pelagia, lakini sauti ilikuwa ya Esteri, na ilikuwa inahema.

"Baba! Padri ame—"

"Mama'ngu, niko kikaoni."

"Amefika Kasanda, baba, amesema komunio ni—"

"Ejo, Esteri. Ejo nakupigia tuongee vizuri, eh? Lala salama."

Akakata. Akawageukia wajumbe, akatabasamu. "Binti yangu mkubwa. Hawezi kulala hajaisikia sauti yangu." Akina mama wakasema, "Jamaniii!" Mmoja akafuta jicho, na nadhani alikuwa hatanii.

Jumatano hakupiga. Walikuwa wamefika kwenye keki.

Alhamisi baada ya chakula cha mchana ndipo lilipomjia, ghafla, mkono uko kwenye mgongo wa ndama wa watu. Akanawa haraka, akapiga. Pelagia alikuwa mtoni anafua, simu ilikuwa juu ya kinu, akapokea Bibi Mpawenimana. Sasa huyu bibi Kiswahili chake kilikuwa cha kuuzia maharage: majina ya vitu, bei, na salamu. Vitenzi aliviacha kwenye Kirundi.

"Mama, shikamoo! Amahoro?"

"Amahoro, mkwe."

"Mama, samahani, komunio ya Esteri lini?"

Jogoo akasikika kwa nyuma.

"Komunio?" Bibi akasema. "Ejo."

"Ejo!" Obedi aliruka palepale. "Ejo kabisa?"

"Ego, ndiyo, ejo. Padri. Watu wengi. Wali, nyama."

"Oo, Mungu mkubwa! Basi sijachelewa. Mwambie Esteri asiwe na wasiwasi, nakuja!"

"Njoo," Bibi alisema, na hicho ndicho kitenzi pekee alichokitoa siku hiyo.

Je, alifanya kusudi? Kibondo watu wamegawanyika. Wapo wanaosema bibi mwenyewe hakuelewa swali. Mimi nasema mwanamke aliyepika wali wa karamu jana yake, akaosha masufuria mpaka mkono ukauma, anajua vizuri ejo yake ni ipi. Aliulizwa, akajibu. Kama mkwe wake angesikiliza mpaka mwisho kama alivyofundishwa, angeuliza la pili.

Na hapa lazima nimtendee Obedi haki, maana hata mtu wa hovyo ana siku yake. Alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wake, akamwambia Ijumaa hayupo, mazoezi ya video watafanya wengine. Mkuu akakunja uso. Obedi hakurudi nyuma. "Binti yangu anapokea kesho, mzee. Ameniomba mimi." Alitoka pale kifua kimejaa, na kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi alikuwa amewaweka wanawe mbele ya mtu. Laiti angefanya hivyo Jumanne!

Halafu, kwa mazoea, akapita kwa Cleophas. Akachagua gauni jeupe lenye lesi shingoni, na kwa ajili ya Recho viatu vyeupe vya kamba ya kufunga kifundoni. Cleophas akaingiza karatasi za bei kwa ndani. "Gauni lina mteja," akamwonya. "Na viatu visiguse udongo."

"Unanijua mimi," Obedi akasema.

Ijumaa saa tatu na nusu alishuka Kibondo na suti, mfuko mkononi, simu imejaa chaji. Hakupitia nyumbani. Alitaka Esteri amkute pale pale mlangoni pa kanisa. Alipofika aliona migomba waliyopamba mlangoni imelegea, majani yameanza kuwa ya kahawia, na mbuzi mmoja anatafuna maua kwa raha zake. Mlango umefungwa. Mzee Niyomwungere, mlinzi wa kanisa, alikuwa anafagia karatasi za pipi.

"Mzee, shikamoo. Ibada saa ngapi?"

"Ibada gani?"

"Ya watoto. Komunio."

Mzee akaegemea ufagio, akaitazama ile suti kuanzia juu mpaka viatuni. "Watoto walipokea juzi, bwana mkubwa. Padri saa hizi yuko Gwarama."

Obedi alibaki amesimama. Alisema, "Haiwezekani," akasema tena, "Haiwezekani," na mbuzi akaendelea na maua yake. Aliondoka pale karibu anakimbia, na watu waliomsalimia njiani hakuwaitikia.

Bibi Mpawenimana alikuwa uani anachambua maharage kwenye ungo.

"Mama! Ulisema ejo!"

"Ego."

"Ejo ni kesho!"

"Na jana," Bibi akasema bila kuinua macho. "Kwetu, na jana." Akatupa jiwe dogo pembeni, likalia kwenye sufuria.

Pelagia akatokea jikoni. Hakushangaa, hakufoka. Alivuta kigoda, akakisukuma kwa mguu mpaka mbele ya mumewe.

"Kaa, Baba Esteri. Si unapenda kumbukumbu? Kaa nikupe."

"Mama Esteri, nisikilize kwanza, mimi—"

"Kaa."

Akakaa.

"Jumanne mtoto alikupigia. Ukamwambia ejo. Akaja akaniambia, mama, baba amesema ejo, na komunio ni ejo, kwa hiyo anakuja. Alikuwa anaruka. Nifanyeje? Nimwambie baba yako hajui hata alichokisema?" Pelagia alikuwa anaongea taratibu, kama mtu anayehesabu watoto darasani. "Kanisani katekista akaita Esteri na mzazi wake. Nikainuka mimi. Mtoto akanikatalia kwa kichwa. 'Baba anakuja.' Katekista akamruka, akaita wengine. Mishumaa yote ikawaka, wake bado. Akaitwa tena. Recho akatoka mbio mpaka barabarani kukuangalia, akarudi, akasema kwa sauti kanisa zima likasikia, 'Dada, hayupo hata kwa mbali!' Watoto wakacheka. Wakubwa wengine nao wakacheka, usidhani."

"Basi, Pelagia."

"Bado. Alikuwa ameushika ule mshumaa kwa nguvu mpaka ukapinda. Mimi nimesimama, siwezi kumfuata, siwezi kukaa. Ndipo kaka Hatungimana akatoka benchi la nyuma."

Hatungimana ni mjomba wa watoto, muuza mkaa, anausukuma kwa baiskeli kutoka upande wa Busunzu, magunia matatu kwa mpigo. Alikuwa amenawa kwa majivu na sabuni, amevaa shati safi, lakini mkaa wa miaka yote hiyo hautoki viganjani kwa kunawa asubuhi moja. Aliuwasha mshumaa. Akamwekea Esteri mkono begani. Mkono ulikuwa na jasho, na ulipoondoka uliacha vidole vitano vyeusi kwenye gauni jeupe.

"Alipomshika tu," Pelagia alisema, "mtoto akaacha kutetemeka. Hiyo ndiyo kumbukumbu. Nimemaliza."

Gauni lenyewe lilikuwa kwenye kamba, Obedi akaliona sasa. Lilikuwa la kukodi kwa fundi Valeria wa sokoni. Lilifuliwa, likaanikwa juani, doa likafifia likawa kijivu, lakini vidole bado unavihesabu. Valeria alikataa kulipokea, akasema sasa ni lenu, na Pelagia akamlipa kwa maharage. Hivyo ndivyo Esteri alivyopata nguo ya kwanza ya sherehe isiyorudi kwa mtu.

Obedi alilia. Simpunguzii. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa mkono wa suti, na hata Bibi aliacha kuchambua akamtazama. Kama angeishia hapo, ndugu zangu, kama angeishia hapo tu! Mtu angempelekea maji. Lakini alishusha pumzi, macho yakaangukia kwenye mfuko aliokuja nao, na uso ukaanza kumchangamka.

"Lakini nimeleta gauni," akasema. "Jipya, Mama Esteri, zuri kuliko hilo. Kanisa lipo, mshumaa upo? Tunaweza kuipiga upya. Hakuna atakayejua."

Pelagia alionyesha njiani kwa kidevu. "Simu nilikukataza kuileta hapa. Lakini jibu si langu, mwulize mwenyewe," akasema. "Huyo anakuja."

Esteri aliingia na ndoo ya maji kichwani, Recho nyuma yake na kidumu. Recho akapiga kelele, "Baba!" akakitupa kidumu, akamrukia. Esteri alishusha ndoo kwanza, akafuta mikono, akapiga goti kidogo kama anavyowasalimia wageni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama'ngu! Pole sana. Bibi alinichanganya na lugha yenu. Ulidhani nimekusahau?"

"Hapana, baba."

"Nilikuja leo kwa ajili yako. Hata bosi nimemwacha. Sasa tutaipiga upya, wewe na mimi, na mshumaa. Sawa?"

"Sawa, baba." Akatafakari kidogo. "Nikiulizwa, niseme ilikuwa leo?"

"Usiseme kitu. Wewe cheka tu."

Akacheka palepale, ili aone kama ndivyo anavyotaka. Wallahi, ningekuwa na uwezo ningemnyang'anya Obedi macho yake siku ile, maana alikuwa anayatumia kutafutia mwanga mzuri.

Wakarudi kanisani. Mzee Niyomwungere alifukuza mbuzi, akasogea pembeni na ufagio wake. Mshumaa ulikuwa kipande tu, umepinda, umebaki wa kushika kwa vidole viwili. Obedi akamkabidhi Pelagia simu, Pelagia akaikataa. Obedi akaiegemeza kwenye jiwe, ijipige yenyewe. Upepo ukawa unauzima mshumaa. Anawasha, unazima. Anawasha, anakimbia kusimama, unazima. Jua likapanda, Esteri kajikausha ndani ya gauni la Cleophas, karatasi ya bei kwapani, mdomo umekaa kwenye lile tabasamu mpaka mashavu yakaanza kumtetemeka. Mara mbili Obedi alimwambia, "Niangalie kama umefurahi." Alimwangalia kama amefurahi.

Picha ikatoka, na ilikuwa nzuri, sitaki uongo. Baba na suti, mkono begani, mwali umesimama katikati yao. Akaandika maneno yake yaleyale, akairusha kabla hawajatoka pale. Walipofika nyumbani simu ilikuwa inalia mfululizo. Baba bora. Mungu akutunzie hao malaika. Wanaume wengine mjifunze. Hata mkuu wake wa kazi alituma kidole gumba.

Esteri aliingia ndani, akavua lile gauni, akalikunja mikono kwa ndani, akainyoosha karatasi ya bei, akaliweka mfukoni. Hakuna aliyemwambia. Akatoka, akalichukua lile la kwenye kamba, likiwa bado na unyevu, akalivaa, akaketi karibu na bibi yake kuchambua maharage.

Recho ndiye aliyebaki na baba. Alikuwa amevaa viatu vyeupe na anatembea juu ya mkeka, huku na huku, kisigino kwanza, vidole juu. Huyu alikuwa bado hajamkatia tamaa. Ana miaka sita, na anampenda babake mpaka unaona aibu kutazama. Alizunguka mkeka, akaja akasimama mbele yake, akashika magoti ya suti.

"Baba, na hivi vinarudi?"

Simu ikalia tena. Cleophas. Ameandika: "Kaka, viatu navyo vimepata mtu. Visiguse chini."

Pelagia alikuwa mlangoni. Bibi aliacha kuchambua. Obedi alitazama simu, akatazama viatu, akatazama uso wa Recho ulioinuliwa, pengo la meno ya mbele wazi. Neno moja lilitosha. Cleophas angefanya nini, amshitaki? Mshahara ulikuwa umetoka wiki hiyohiyo. Nilisema mtu wa hovyo ana siku yake. Basi siku yake ilikuwa bado ipo, saa hiyo hiyo, pale kwenye mkeka, haijaisha.

Obedi akamshika kidevu, akamtabasamia.

"Ejo, mama'ngu," akasema. "Ejo nakuletea vya kwako."

Recho akageuza shingo kumtafuta dada yake, kama alivyozoea anapotaka kujua jambo ni la kweli au la mchezo. Esteri aliweka ungo chini, akaja, vidole vitano vya kijivu viko begani. Akachuchumaa mbele ya mdogo wake, akaanza kuifungua kamba ya kiatu cha kulia.

"Umesikia, Recho, ni ejo," akasema kwa upole. "Ejo ilishapita. Vua."

Recho akamshika dada yake kichwani asianguke, akainua mguu.